Sauti ya Baba Bila Uso Wake

Mpwa wangu amenitumia orodha ndefu ya viungo vya mtandaoni na swali moja: "Shikamoo Mjomba, kati ya hizi ninunue kozi ipi ili niwe mhariri wa video?" Zimo kozi za kulipia kila mwezi, zimo za bure, na imo hata tovuti inayouza picha ghafi za filamu fupi, ili mwanafunzi ajizoeze kukata kazi za watu wengine kabla hajaikabili ya mteja. Nimemjibu kwamba nitampigia jioni. Tangu hapo akili yangu iko kwenye masika ya mwaka 2018, dukani kwa Mzee pale Sinza, tunakorekodi na kuhariri video za shughuli, katika ile kazi ya sendofu ambayo mimi naye hatujaacha kubishana juu yake.

Siku ya shughuli mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mkazi yeyote wa Dar es Salaam anajua kinachofuata: Mto Msimbazi ulifurika, Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, na mpiga picha wetu wa pili, aliyekuwa anatokea Kariakoo, akabaki ng'ambo ya maji na kamera yake. Mzee hakupaniki. Aliazima simu ya binamu wa bibi harusi, akaiegemeza kwenye chupa ya maji katika meza ya mbele, hatua chache tu kutoka pale ambapo baba mzazi angesimama kuzungumza, kisha akarudi kwenye kamera kubwa iliyokuwa ikiwaelekea wageni. Simu hiyo ndiyo iliyonasa hotuba ya baba kwa ukaribu na kwa sauti safi, kwa sababu kipaza sauti cha kamera kubwa kilikuwa kimemezwa na muungurumo wa jenereta.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Mzee alikuwa ameanza kazi hii kwa deki mbili za kaseti, moja ya kucheza na nyingine ya kurekodi, na wazo la kulipia programu kila mwezi, kama kampuni ya Adobe ilivyoamua mwaka 2013 kuuza matoleo mapya ya programu zake kwa njia hiyo tu, lilimkera kama vile kuambiwa alipie kodi ya mkasi wake mwenyewe. Nilipomweleza kwamba Resolve ilikuwa zamani mtambo wa kusahihisha rangi uliouzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, kwamba Blackmagic ya Australia iliinunua kampuni iliyoutengeneza mwaka 2009 na baadaye ikaanza kutoa toleo la bure lisilobandika nembo juu ya picha ya mteja, aliniangalia kwa mashaka, akauliza mtego uko wapi. Mtego, kama ulikuwepo, ulikuwa kwenye kadi ya michoro ya kompyuta yetu, ambayo ilipumua kwa shida kila tulipoifungua programu ile.

Masomo niliyapata kwa bando la usiku. Ili bando lisiishe nilizitazama video za mafunzo kwa ubora wa 144, kiwango ambacho maandishi ya menyu hayasomeki kabisa, kwa hiyo nilijifunza vitufe kwa mahali vilipo na si kwa majina yao: kile cha kushoto chini, kile chenye umbo la wembe, kile ambacho mwalimu akikigusa picha inagawanyika. Kitabu cha mafunzo ambacho Blackmagic wenyewe wanakiweka mtandaoni bure nilikipakua, nikachapisha sura za uhariri peke yake kwenye duka la stesheneri, maana kukichapisha chote kungekula faida ya harusi nzima.

Kilichotusumbua kwanza ni sauti. Mwanzo wa hotuba midomo ya baba na maneno yake vilikwenda pamoja, lakini kadiri alivyoendelea maneno yalianza kuachana na midomo, hadi mwishoni akawa kama mtu aliyetafsiriwa kwa haraka. Mzee alidhani simu ni mbovu. Jibu nililipata usiku, katika maelezo ya mhariri mmoja wa mbali: simu hairekodi fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, kwa mpigo ulio sawa. Ukumbi ukiwa na giza hupunguza fremu ili kila moja ipate mwanga zaidi, mwanga ukirudi huziongeza tena, ilhali sauti inaendelea kurekodiwa kwa kasi ileile. Programu ya kuhariri, ikizihesabu fremu hizo kana kwamba zimepangwa kwa nafasi sawa, inaikosesha picha njia. Dawa yake ilikuwa HandBrake, programu nyingine ya bure, ambayo niliiamuru iiandike upya video ile kwa fremu 25 kwa sekunde bila kuyumba, sawa na kamera yetu kubwa. Mikono ya baba ikawa inakatikakatika kidogo ilipopita haraka, lakini midomo ilirudi kwenye maneno yake.

Ndipo tulipofika pale.

Baba alikuwa akimweleza binti yake namna alivyokuwa akimpeleka shule kwa baiskeli. Katikati ya sentensi alinyamaza. Alivua miwani, akaikunja taratibu, akataka kuitia katika mfuko wa shati, lakini mkono ukaukosa mfuko, ukagusa kitambaa tu, ukarudi tena, ukaukosa tena. Kipaza sauti kilikuwa kimeshuka hadi kifuani, kwa hiyo kilichosikika ni pumzi. Kisha uso wake ukakunjamana, na simu iliyoegemezwa kwenye chupa ikauona wote.

"Toa hapo," Mzee alisema nyuma yangu.

"Mzee, hapa ndipo penyewe."

"Penyewe pa nani? Huyu ni mtu mzima, mwanangu, na hii kazi itatazamwa sebuleni kwa wakwe zake. Kamera imemwona, inatosha."

Nilimweleza habari za Walter Murch, mhariri wa Marekani ambaye hukata filamu akiwa amesimama, na namna alivyogawa sababu za kukata: hisia asilimia 51, hadithi 23, mwendo 10. Nilikuwa nimeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya skrini. Mzee alivaa miwani yake, akaisogelea.

"Na heshima ina asilimia ngapi?"

Nilizisoma zilizobaki: 7 za mahali jicho linapotazama, 5 za mpangilio wa picha bapa, 4 za nafasi halisi ya mahali. Jumla 100. Heshima haikuwemo.

Tulikaa pale hadi waliofunga maduka ya jirani walipokwisha kuondoka. Mwishowe niliiacha sauti yote kama ilivyo, pumzi na ukimya na sentensi aliyoimalizia kwa shida, nikaiondoa picha peke yake. Nilikata wakati mkono wake unapanda kuifuata miwani, kwa sababu jicho la mtazamaji linaufuata mkono na haligundui mabadiliko. Kutoka hapo nikaweka picha ya kamera kubwa, shangazi wa meza ya pili akiwa ameuziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mbinu yenyewe nilikuwa nimeiona kwenye masomo ya 144, ila mwalimu aliieleza kama njia ya kulainisha mazungumzo. Mzee aliitazama mara mbili, akasema, "Haya, renda," yaani niitoe video iliyokamilika, akaenda kufunga mlango.

Wiki kadhaa baada ya harusi bibi harusi alikuja dukani. Alisalimia, akakaa, akasema, "Kaka, hotuba ya baba naisikia, lakini penyewe simwoni. Hamkumpiga picha?" Nilimtazama Mzee, ambaye ghafla alikuwa na waya mwingi wa kukunja. Nikamfungulia faili la simu. Alilitazama kwa sikio moja la spika za masikioni, akarudisha nyuma, akatazama tena, kisha akatoa flashi kwenye mkoba.

"Hii nipe mimi," alisema. "Ile nyingine ndiyo ya kuonyesha watu."

Mzee anadai maneno yale yalimpa yeye ushindi, na mimi nadai yalinipa mimi. Kilichobadilika dukani ni kimoja tu: zamani tulikuwa tukifuta picha ghafi mara mteja anapomaliza kulipa, siku hizi tunazitunza, na gharama ya diski tumeiingiza kwenye bei ya shughuli, jambo ambalo kamati za harusi zinalilalamikia hadi leo.