Nilivyoupata mwanga wa taa za gari bila kununua taa mpya

Lile trela nililiona nikiwa nimeshalifikia. Lilikuwa limeharibika pembeni mwa barabara, nusu yake iko juu ya lami, halina hata kipande cha kiakisi, na mimi nilikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa na dimu tu (taa za mwanga wa chini) kwa sababu kulikuwa na gari linakuja mbele. Nilikanyaga breki, nikakata usukani, nikapita. Mke wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Hivi baba, wewe ulikuwa unaona?"

Sikuwa naona. Nilikuwa nimezoea kutoona, kila mwezi kidogo kidogo, mpaka giza likawa ndiyo hali ya kawaida ya gari langu.

Siku ya pili nilipiga hesabu. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Toa sekunde moja na nusu ya kushtuka hadi mguu ufike kwenye breki, mita 33 zimekwenda. Kusimama kwenyewe kwenye lami kavu kunataka mita nyingine 35 hivi. Kwa hiyo nilihitaji kuona karibu mita 70 mbele. Usiku tukaenda kwenye uwanja wenye giza, mke wangu akakaa kwenye usukani na dimu imewaka, mimi nikatembea kwenda mbele nikiwa nimeshika fimbo niliyoivika shati jeusi kuukuu, mpaka aliposema halioni tena. Hatua 34. Na hatua yangu haifiki mita moja.

Kosa la kwanza nililifanya haraka, kama wengi. Nilinunua globu za LED zinazoingia kwenye tundu lile lile la H4, aina ya globu ya gari langu, pakiti imejaa sifa. Nilipoziwasha gereji nilifurahi, ukuta wote ulikuwa mweupe. Barabarani kila gari lililokuja mbele lilinipigia fulu (taa za mwanga wa juu), na shati jeusi likaonekana hatua 31 tu, yaani nimerudi nyuma.

Sababu niliielewa baadaye nilipoziweka globu mbili kando kwa kando. Ndani ya H4 ya halojeni, yaani globu ya kawaida ya uzi unaowaka, kuna nyuzi mbili, wa dimu na wa fulu, na chini ya ule wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga wa upande wa chini. Rifulekta (ule uso unaong'aa nyuma ya globu na kurudisha mwanga mbele) na kioo cha taa vimechongwa kwa kuhesabu mahali hasa uzi ulipo, hadi milimita. Vipande vya LED havikai pale pale wala havina umbo lile lile, kwa hiyo mwanga unatawanyika: mwingine juu machoni kwa watu, mwingine chini mbele kabisa ya bampa. Ule wa mbele ya bampa ndio unaodanganya. Lami iliyo karibu iking'aa sana, mboni ya jicho inajifunga, na kule mbali unaona kidogo zaidi kuliko mwanzo. Halafu nchi nyingi haziruhusu kabisa kuweka LED ndani ya taa iliyotengenezwa kwa halojeni. Nikazitoa, nikarudisha za zamani.

Fundi mmoja akanishauri niweke halojeni za wati 100 badala ya 55. Nilikaribia kukubali, ila alipochomoa soketi ili anionyeshe, tuliona plastiki yake imebadilika rangi, kahawia kama mkate ulioungua. Kama wati 55 zimeshaichoma soketi, 100 zingeifanya nini? Lakini ile rangi ya kahawia ilinifungua macho. Soketi haiungui bila sababu. Mahali panapopata joto ndipo umeme unapopotelea.

Kabla ya umeme lakini nilianza na kilichokuwa kinaonekana wazi, vioo vya taa. Siku hizi si vioo, ni plastiki ya polikaboneti, na jua huila juu juu ikawa ya njano yenye ukungu. (Kama taa zako ni za kioo cha kweli, msasa usiukaribie.) Nilizungushia tepu ya rangi pembeni nisije nikakwangua bodi, nikasugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1000, 2000, 3000, maji yakimwagika muda wote. Mwanzoni maji yanatoka ya njano kama chai ya maziwa. Usihame namba mpaka yatoke meupe, hapo ndipo mikono inapochoka na mtu anajidanganya kwamba inatosha. Mwisho nikapaka dawa ya kung'arishia rangi, kisha nikapulizia rangi angavu ya kuzuia jua. Hii ya mwisho usiiruke. Mwaka mmoja kabla nilisugua taa hizi hizi kwa dawa ya meno, zikapendeza, na baada ya wiki chache njano ikarudi kwa hasira, maana nilikuwa nimeondoa ngozi ya kiwandani bila kuweka nyingine. Pia chungulia ndani: kama rifulekta imeshapoteza ung'aavu au inabanduka, kusugua nje hakutasaidia na itabidi utafute taa nyingine. Zangu zilikuwa salama.

Shati jeusi: hatua 43.

Sasa umeme. Niliazima mita ya kupimia umeme, nikawasha gari na taa, nikapima kwenye betri: volti 14.1. Nikachomoa soketi ya taa, nikapima kwenye vituo vyake, zile ncha za chuma za ndani: 14.0. Nikafunga boneti nikiwa na hakika kwamba nyaya hazina tatizo. Hilo lilinipotezea wiki mbili. Soketi ikiwa imechomolewa hakuna umeme unaotembea, na waya uliooza nusu bado utaonyesha volti zote. Ni kama bomba lililoziba kidogo: ukiwa umefunga koki, shinikizo liko sawasawa, fungua ndio utaona. Inabidi upime kutoka nyuma ya soketi huku globu imechomekwa na inawaka.

Nilipopima hivyo, mita ikasoma 12.2. Volti 1.9 zilikuwa zinaliwa njiani. Unaweza kusema volti mbili ni nini, lakini halojeni haipungui mwanga kwa uwiano sawa na volti. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Kwangu mimi, ukilinganisha na ule ambao betri ingeweza kutoa, karibu asilimia 40 ya mwanga ilikuwa imepotea kwa sababu ya volti zilizoliwa kwenye nyaya, swichi na ile soketi ya kahawia.

Niligawa upotevu kwa kupima pande mbili. Kutoka kwenye nguzo hasi ya betri hadi kituo hasi cha globu: 0.7. Kutoka nguzo chanya hadi kituo chanya: 1.2. Upande hasi ulikuwa rahisi, nati moja kwenye bodi imeota kutu chini ya rangi. Nikaikwangua hadi chuma kitupu, nikakaza, nikapaka grisi, na 0.7 ikawa 0.1. Nusu saa, bila kununua kitu.

Upande chanya ulitaka kazi zaidi. Kwenye gari langu umeme wote wa taa ulikuwa unatoka betri, unaingia ndani hadi swichi ya usukani, unarudi tena mbele kwa waya mwembamba. Globu mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 hivi, na swichi ya miaka mingi inazipitisha kwa taabu. Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Waya wa zamani unabaki na kazi ya kuamsha rilei tu, kwenye vituo 85 na 86, na umeme mzito unatoka betri moja kwa moja kuingia kituo 30 na kutoka 87 kwenda kwenye globu. Niliweka rilei mbili, ya dimu na ya fulu, nyaya za milimita za mraba 2.5, na soketi mpya za kauri. Fyuzi ya ampea 20 kwa kila rilei, na ikae karibu kabisa na betri. Waya usio na fyuzi ukichubuka ukagusa bodi, gari linaungua, na hapa sitanii.

Tahadhari moja kabla hujakata chochote: baadhi ya magari ya Kijapani hukata upande hasi, yaani umeme chanya uko kwenye soketi muda wote na swichi inafunga hasi. Ukiunga rilei kwa mchoro wa kawaida, taa hazitawaka inavyotakiwa. Pima kwanza ujue kituo kipi ni kipi. Kama mita huijui, mlipe fundi umeme kwa saa mbili.

Baada ya hapo globu ilisoma 13.6. Shati: hatua 51. Nilitegemea zaidi, nasema kweli nilivunjika moyo kidogo.

Kilichobaki nilikiacha mwisho kwa sababu kilionekana kidogo: kuelekeza taa. Tafuta ardhi tambarare mbele ya ukuta, jaza upepo sawasawa, mtu akae kwenye kiti cha dereva. Sogeza gari karibu na ukuta, weka alama ya tepu mbele ya katikati ya kila taa, kisha rudi nyuma mita 10. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu unatakiwa uwe chini ya alama kwa sentimita 10 hivi. Taa zangu ziko sentimita 70 kutoka ardhini, kwa hiyo kwa kushuka sentimita 10 kila mita 10, mwanga unagusa ardhi mita 70 mbele. Taa yangu ya kushoto ilikuwa imeshuka sentimita 25. Fanya hesabu: mita 28. Ya kulia ilikuwa sentimita 16, mita 44.

Na nilipokuwa natafuta bisibisi ndipo nilipoona kwenye dashibodi kile kitufe kidogo cha kuzungusha, chenye namba 0 hadi 3, cha kushusha taa gari likibeba mzigo. Kilikuwa kwenye 2. Tangu nilinunue gari. Nilikirudisha kwenye 0, ya kulia ikapanda kupita kiasi, ya kushoto ikabaki chini bado, nikazimalizia kwa skrubu nyuma ya taa, robo mzunguko kwa wakati.

Hatua 69. Kitu cha bure kabisa, na mimi nilikianza cha mwisho!

Nilipata nafasi ya kununua globu mpya za H4, za kawaida 60/55 (wati 60 za fulu, 55 za dimu), si zile zenye rangi ya bluu, maana rangi kwenye kioo cha globu inakula mwanga. Niliishika kwa kitambaa, kwa sababu mafuta ya vidole huacha doa linalopata joto na kuipasua. Zikaongeza hatua nne. Nikafuta pia utando wa ndani ya kioo cha mbele, ambao mchana huuoni lakini usiku unageuza kila taa kuwa jua dogo.

Shati na fimbo bado viko kwenye buti. Juzi nilimpimia jirani ambaye amekuwa akilalamika kwamba macho yake yamezeeka. Hatua 29. Kitufe chake kilikuwa kwenye 3.