Kabla Mama hajaanza kushika ukuta

Daftari la kliniki la mama yangu limejaa namba: presha, sukari, uzito. Nyingi ni nzuri. Lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaosema kama anaweza kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, na mimi binti yake, ninayeishi naye nyumba moja, nilikuwa sijui pia.

Jambo hili linanigusa sana. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuzeeka kwa afya si kukosa maradhi. Ni kubaki na uwezo wa kufanya yale ambayo mtu mwenyewe anayathamini. Kuna mzee mwenye kisukari kilichodhibitiwa anayejitegemea kwa kila kitu, na kuna mwingine asiye na ugonjwa wowote ulioandikwa ambaye ngazi zimeshamshinda. Kwa hiyo mwongozo wao unaangalia mwendo, akili, lishe, macho na masikio, na hali ya hisia, yaani kama mtu ana huzuni au amekosa hamu.

Nilianza na mwendo. Kiti kisicho na mikono kiliegemezwa ukutani kisiteleze, Mama akakunja mikono kifuani, akainuka na kukaa mara tano kwa kasi anayoiweza, nami nimesimama karibu nisije nikamwacha aanguke. Zikizidi sekunde 14, mtu anahitaji kuchunguzwa zaidi. Mama alitumia 17.

"Mwanangu, mbona kila ninapotaka kwenda nafika?" aliniuliza.

Ni kweli, anafika. Ila tangu siku ile nikaanza kuona jinsi anavyofika: anachagua viti virefu, anavuta fremu ya mlango, na vitu vya rafu ya chini anaagiza wajukuu. Misuli ya mapaja hupungua taratibu, na mtu huzoea kuizunguka shida bila kujua kwamba anaizunguka. Ndiyo maana naamini kipimo hiki kifanywe mapema, mzee akiwa bado mzima. Akishaanguka na kuvunja nyonga, tunachopima ni hasara.

Tulikwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Akampima pia kasi ya kutembea kwa mwendo wake wa kawaida. Chini ya mita 0.8 kwa sekunde huwa ni ishara ya kuangaliwa, na Mama alikuwa juu kidogo ya hapo. Akampa mazoezi, mojawapo likiwa lilelile la kuinuka na kukaa, na akasisitiza ale protini ya kutosha kila mlo. Sasa anatumia sekunde 13. Namba hiyo naithamini kuliko wastani wowote wa watu wa umri wake, kwa sababu inamlinganisha Mama na Mama.

Kwenye akili nawaomba ndugu zangu wenye wazazi tuwe waangalifu sana. Kipimo cha mwanzo ni chepesi: mzee anatajiwa maneno matatu, anaulizwa leo ni tarehe ngapi na yuko wapi, kisha anaombwa ayarudie yale maneno. Mama alirudia moja tu. Moyo wangu ulishtuka. Muuguzi hakukimbilia kuandika chochote. Alisimama nyuma yake kwa umbali wa mkono, akamnong'oneza maneno upande mmoja, kisha upande wa pili. Sikio la kushoto halikushika kitu. Aliporudia kipimo akiwa upande wa kulia, akisema taratibu, Mama aliyarudisha yote matatu. Ni wazee wangapi wameitwa wasahaulifu kumbe hawakusikia? Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, nayo inaweza kudhoofisha kumbukumbu, kwa hiyo lile swali la kama katika wiki mbili zilizopita amekuwa na huzuni au amekosa hamu ya mambo anayoyapenda lisiulizwe mbiombio huku mtu anafunga faili. Na vile vipimo virefu vya kuchora na kuhesabu vinamwonea aliyekosa shule, anayevisoma akumbuke hilo.

Kuhusu lishe, tunachoangalia ni kama amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi 3 bila kukusudia, au amepoteza hamu ya kula. Mama hajapungua.

Yamebaki macho. Jicho moja lina ukungu na daktari anashuku mtoto wa jicho, hivyo anakwenda kupimwa wiki ijayo. Kifaa cha sikio tumeshakiagiza.