Nusu miligramu ya usiku

Tangu daktari aanze kunipunguzia takrolimusi, dawa ninayomeza ili mwili usilikatae ini nililopandikizwa, jamaa wananipa hongera kana kwamba karibu nitaachana na dawa kabisa. Shangazi yangu wa Langoni ndiye anayenishikilia zaidi: "Mwanangu, si umeshapona? Madawa ya nini tena?" Najua ni huruma yake.

Lakini ini nililo nalo ni kipande cha ini la mdogo wangu, tuliyekwenda naye India. Kinga ya mwili wangu bado inaliona geni, na takrolimusi ndiyo inayoituliza. Ni kweli mwili huvumilia ini la mtu mwingine kuliko figo au moyo, na wapo wachache walioachishwa dawa wakifuatiliwa kwa karibu na watafiti. Mimi napunguziwa kwa ajili ya figo, maana dawa hii huweza kuziumiza: kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ilikuwa inapanda, presha nayo juu, na mikono ikitetemeka hata kumimina kahawa ni tabu.

Tulianza na miligramu 3 asubuhi na 3 usiku. Inatolewa nusu miligramu, tunasubiri wiki kadhaa, tunapima, ndipo inatolewa nyingine. Na damu sharti itolewe kabla ya dozi ya asubuhi. Kwa mtu wa Lamu hiyo ni kazi: boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kulala kwa binamu, na asubuhi natoka na vidonge nimevifunga kwenye pindo la leso, sivimezi mpaka sindano itoke mkononi. Ukitangulia kumeza, kiwango cha dawa kwenye damu kitaonekana kiko juu, na daktari atakupunguzia dawa ambayo bado unaihitaji.

Balungi nimeliacha kabisa, maana hupandisha dawa kwenye damu. Dawa nyingi za fangasi na baadhi ya antibiotiki hufanya vivyo hivyo. Rifampisini ya TB huishusha. Kwa hiyo nikiingia duka la dawa, hata kwa kikohozi tu, la kwanza ni kusema nimepandikizwa ini.

Tulipofika 1.5 asubuhi na 1 usiku, kipimo cha ini cha ALT kilianza kupanda, dalili kwamba huenda ini linaumia. Nami nilikuwa mzima, nakula, nalala, sina homa wala macho ya manjano. Hilo ndilo linalonitia hofu nikisikia mtu kaacha dawa mwenyewe kwa kuwa hajisikii vibaya. Daktari aliirudisha ile nusu ya usiku, tukapima tena, ALT ikashuka. Kreatinini nayo imetulia. Nilimpigia simu mdogo wangu kabla hata sijatoka hospitali, nikamsomea namba moja moja.