Tunaenda kwa nani?

Nilipomwambia mama kwamba Jumamosi tunaenda Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, aliuliza swali moja tu: "Kwa nani?"

Nikamwambia si kwa mtu. Tunaenda kutazama maji, tule samaki, tulale, kesho yake turudi. Akanyamaza, akaendelea kuchambua managu. Sufuria ilipokuwa tayari jikoni akauliza tena, "Sawa, lakini tunaenda kwa nani?"

Naishi Halifax, pwani ya mashariki ya Kanada. Huko kiangazi kikiingia watu hupakia gari na kufuata barabara ya pwani bila kuwa na mwenyeji hata mmoja njiani. Nasi tukazoea. Tumewapeleka watoto Peggy's Cove kutazama mnara wa taa wa mwaka 1915, mweupe na kofia yake nyekundu, juu ya miamba iliyolainishwa na mawimbi. Tumewapeleka Ghuba ya Fundy, ambako maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mahali pengine tofauti hufika mita 16. Unaegesha, unatazama, unakula, unarudi. Hakuna anayekuuliza unakwenda kwa nani.

Kwa mama, kupanda gari ni matanga, harusi, hospitali, au kumtembelea mtoto shuleni. Na si yeye peke yake. Mimi mwenyewe nimekulia Nakuru na sikuwahi kufika Ziwa Victoria kwa raha tu. Ziwa letu la Nakuru tunalo, ndiyo, lakini lile lina ua, geti na tiketi. Utotoni nililijua zaidi kwa mbali, tukipanda Menengai na kuliona likimeta kule chini.

Tulikodi Noah: mimi, mume wangu, watoto wawili, mama, na mdogo wangu aliyejiteua kuwa mwelekezi. Usukani nilishika mimi, na hapo ndipo aibu ilipoanzia. Gari la kwetu Kanada lina kijiti cha indiketa kushoto. Huku kiko kulia. Kila nilipotaka kukata kona, waipa zilianza kusugua kioo kikavu, kwaru, kwaru. Kwenye kizuizi kimoja askari alinisimamisha, akatazama anga, akatazama kioo, akasema, "Madam, kwani kwako kunanyesha?" Mdogo wangu alicheka hadi Salgaa. Kuanzia Salgaa hakuna aliyecheka. Mama alifumba macho na kuanza kuomba kwa sauti ya chini, kama afanyavyo kila mtu wa Nakuru anayeijua historia ya ajali za malori kwenye mteremko ule.

Mau Summit tulishuka kununua karoti, ambazo hakuna aliyezihitaji. Kericho ilitupokea kwa mvua (waipa zikapata kazi halali) na mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Kisha barabara ikaanza kushuka, na joto likapanda. Nakuru iko juu, kama mita 1,850 toka usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134. Ukiwa ndani ya gari hiyo tofauti unaihesabu kwa nguo. Mama alivua sweta Kapsoit, akafungua kitambaa cha kichwa Awasi, na tulipopita mashamba ya mpunga ya Ahero alikuwa akijipepea kwa kifuniko cha hotipoti.

Katito tukaacha barabara ya Kisii, tukashika ya Kendu Bay na Homa Bay. Ziwa likajitokeza upande wa kulia, mara linajificha nyuma ya miti, mara linarudi pana zaidi. Mwanangu wa miaka minane akauliza kama hiyo ni bahari. Mdogo wangu akamwambia hili ni ziwa, na kwamba Kenya ina asilimia 6 tu, mengine yote ni ya Uganda na Tanzania. Mama akaguna. "Asilimia sita, na bado sioni mwisho."

Tulivuka daraja la Mbita jioni. Kisiwani, watoto walikimbilia ufukweni kabla sijazima gari. Msichana alivua viatu; mvulana akaketi juu ya jiwe, mikono magotini, akitazama maji bila kusema kitu. Nikamfuata.

"Nangojea maji yaanze kupwa," akasema. "Yataanza saa ngapi?"

Kando yake alikuwa mzee anashona wavu, uzi kaubana kwenye meno. Akautoa. "Yaende wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mtoto wa Fundy anaamini kila maji makubwa yana ratiba. Akachovya kidole, akaramba, akapiga kelele kwamba hayana chumvi. Hapo mama alisahau joto lake, akaja mbio na leso mkononi kumtoa majini, akihesabu magonjwa, akianza na kichocho. Kuhusu kichocho alikuwa sahihi, kwa hiyo nilinyamaza.

Chakula cha jioni kilikuwa ngege mzima wa kukaanga, akarudishwa kwenye mchuzi wa nyanya, na ugali. Binti yangu alimgeuza samaki ili asimtazame machoni. Kule kwetu samaki huja bila uso.

Usiku tulitoka nje na yeye akaniuliza ule ni mji gani ng'ambo. Hapakuwa na mji. Zilikuwa taa za wavuvi wa omena. Usiku usio na mwezi huwasha taa juu ya maji, wadudu huja kwenye mwanga, omena hufuata, na wavu huwangojea. Taa zilikuwa nyingi hivi kwamba ziwa lilionekana limekaliwa na watu. Mama alikaa akizitazama hadi sote tukaingia kulala.

Asubuhi tulikwenda kaburi la Tom Mboya, yule waziri aliyeuawa kwa risasi mwaka 1969. Ni mimi niliyetaka. Mwaka 1959 alisaidia kupeleka ndege ya wanafunzi 81 kusoma Marekani, na mtu yeyote aliyewahi kukaa na sanduku uwanja wa ndege akiona mama yake anakuwa mdogo nyuma ya kioo ana sababu ya kufika pale. Lakini aliyeongea ni mama. Mwaka 1969 alikuwa na miaka 14. Alikumbuka kuwa ilikuwa Jumamosi, Julai 5, alikumbuka redio ilikuwa ya jirani, na jinsi baba yake alivyoingia ndani bila kumaliza chakula. Mambo haya hakuwahi kutuambia nyumbani, sijui kwa nini. Alizunguka jengo lile taratibu, lenye umbo la risasi, kisha akafunga leso vizuri kiunoni.

"Kumbe tulikuja matanga," akasema, na uso wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Nakuru.

Tulipokuwa tunapakia, aliniomba nifungue buti. Chini ya mikoba yetu kulikuwa na kiondo nisichokijua: kilo mbili za sukari, majani ya chai, mche wa sabuni. Alikuwa amejiandaa kwa mwenyeji tangu mwanzo, awe nani. Akakibeba hadi kwa mwanamke aliyekuwa akianika omena juu ya nyavu, vijisamaki vya fedha vimetandazwa juani kama misumari iliyomwagika. Sikusikia walichozungumza. Niliona yule mwanamke akifuta mikono, akipokea kwa mikono miwili, kisha akichota gorogoro mbili zilizojaa hadi kufanya mlima, na kuzimimina ndani ya kile kiondo. "Mama Nakuru, salimia watu wa kwenu," akatuitia tukiondoka.

Omena walisafiri nasi hadi nyumbani, madirisha wazi, pamoja na karoti. Jumatatu nilirudisha gari baada ya kuliosha mara mbili kwa sabuni na limau. Mwenye gari alifungua buti, akanusa, akanitazama. Nikaanza kutafuta pochi nilipe faini.

"Hamkubakisha hata kidogo?" akauliza.