Ninavyomchunguza mtoto aliyechelewa: nafuata kalenda ya ubongo

Mzazi akija na mtoto wa miaka miwili asiyeongea, anachotaka kusikia ni "ana nini?" Mimi huanza na swali jingine: tatizo lilianza lini? Ubongo hujengwa kwa hatua, na madhara hutegemea hatua iliyoguswa. Nikiijua hatua, magonjwa ya kutafuta hupungua sana, na familia haizungushwi kwenye vipimo visivyo na kazi.

Naanzia tumboni. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kufikia siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi bado hawajajua kuwa ni wajawazito. Ndiyo maana asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, inatakiwa kuanza kabla ya mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huandikiwa miligramu 4, yaani mara kumi. Mrija ukishafunga, seli za neva huzaliwa kwa wingi na kuhamia kwenye tabaka za gamba la ubongo. Hapo nauliza kuhusu pombe, maambukizi, dawa za kifafa na upungufu wa iodini. Nauliza kwa upole, kwa kuwa mama akihisi analaumiwa hataniambia kitu.

Kisha kuzaliwa: wiki ngapi, alilia mara moja, alipata manjano makali, alipata degedege siku za mwanzo? Kwa njiti nafanya hesabu kabla ya kusema amechelewa. Aliyezaliwa wiki ya 32 alitangulia wiki 8, kwa hiyo akiwa na miezi 10 nampima kama wa miezi 8. Marekebisho haya nayafanya hadi afike miaka 2.

Baada ya maswali nachukua utepe, na hapa sina haraka. Utepe uwe usiovutika, upite juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma kwenye sehemu ya kisogo iliyochomoza zaidi. Napima mara tatu, naandika kipimo kikubwa. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi tumboni huwa na sentimita 35 hivi anapozaliwa. Huongezeka kama 2 kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, 1 kila mwezi hadi miezi sita, halafu nusu hadi mwaka. Kipimo kimoja hakiniambii mengi. Nahitaji mstari kwenye kadi ya kliniki: ukipanda ghafla nafikiria maji kichwani, ukilala kwa msichana aliyekuwa anakua vizuri, ambaye sasa ameacha kushika vitu na anasugua viganja muda wote, nafikiria ugonjwa wa jeni uitwao Rett.

Hapo ndipo linapokuja swali ninalolithamini kuliko yote: je, kuna alichokuwa anakiweza akakipoteza? Aliyechelewa na aliyerudi nyuma ni wagonjwa wawili tofauti, na wa pili hasubiri. Naomba wazazi waje na video za simu, za zamani na za sasa. Video huonyesha pia kitu kinachopita kirahisi kama msokoto wa tumbo: mtoto wa miezi michache, akiamka tu, anajikunja ghafla na kutupa mikono, anatulia sekunde chache, anarudia tena na tena kwa mkupuo. Hicho ni kifafa cha wachanga, na kila siku ya kuchelewa inagharimu ubongo. Namtuma afanyiwe kipimo cha umeme wa ubongo haraka, na dawa ianze.

Asiyeongea anapimwa masikio kwanza, hata kama mama anasema anasikia mlango ukigongwa. Mlango hutoa sauti nzito. Anaweza kuusikia na asisikie herufi nyembamba za maneno. Masikio yakiwa salama, naangalia kama anaonyesha kitu kwa kidole ili nami nikione, na kama anageuka akiitwa jina. Miezi 18 bila kuonyesha kwa kidole yatosha kuanza uchunguzi wa usonji. Miezi 12 bado, lakini tayari anatumia mkono mmoja tu? Wazazi hufurahi kwamba "ana mkono wake", mimi nachunguza mtindio wa ubongo kwenye upande wa mwili asioutumia.

Kwa watoto wa shule wasiotulia, kalenda bado inafanya kazi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia msukumo na kupanga mambo, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo sitoi jina la ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kushindwa kuzingatia, kwa malalamiko ya darasani peke yake. Dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na zinaonekana sehemu mbili, kwa mfano nyumbani na shuleni. Nauliza usingizi pia, maana mtoto anayekoroma usiku huhangaika mchana vivyo hivyo.

Mazoezi ya lugha na ya viungo sisubirishi hadi jina la ugonjwa lipatikane. Naandika rufaa siku hiyohiyo, pamoja na tarehe ya kurudi. Wakirudi natoa utepe uleule, na kuweka nukta mpya kwenye kadi kabla ya kuuliza chochote.