Usiku ambao Bosco alilala kwa Bibi

Bosco alikuwa mbwa wa miaka tisa, mweusi tii, kifua cheupe, sikio moja limepasuka kwa vita vya ujana wake, na pale kwetu Mtopanga, Mombasa, sijui mwizi gani angethubutu kuruka ukuta wetu akijua yeye yuko. Lakini radi jamani. Radi ikipiga mara moja tu Bosco anageuka mtoto mchanga, anatetemeka mwili mzima, anatafuta uvungu wowote ulio karibu, wa kitanda, wa meza, hata uvungu wa kiti ambacho mtu amekalia. Nasikia mbwa wanasikia sauti nyembamba ambazo masikio yetu hayazifikii kabisa, sa ukifikiria radi sisi inatushtua hivo je, yeye inamwingiaje.

Hii ilikuwa 2020, mwaka wa korona. Mimi nilikuwa nafanya laundri kwenye hoteli moja ya ufukweni na mwezi wa tatu wageni walipoisha tukaambiwa twende nyumbani, likizo bila mshahara, mtaitwa. Miaka kumi na moja nimekuwa natoka kwangu saa kumi na moja alfajiri narudi giza limeshaingia, ile nyumba nilikuwa nalala tu. Nilikuwa na mashuka ya watu wengine kichwani kutwa, nyumba yangu mwenyewe jua linaingilia dirisha gani saa nne sikuwa najua. Mwanangu alikuwa na miaka saba, shule zimefungwa, mdogo wangu wa kiume naye boda haina abiria, basi tukajikuta wote ndani, watu watatu na mbwa wawili, na pesa ya kuhesabu.

Na haki nawaambia, wale mbwa ndo walionifundisha nyumba yangu.

Kaskazi, ule msimu wa upepo wa kaskazini, ilikuwa inamalizika, lile joto la mwezi wa tatu ambalo kila mtu wa Mombasa analijua, nyuzi 32 na hakuna jani linalotikisika, ukioga unatoka bafuni tayari umelowa jasho. Mbwa hatoi jasho kama sisi, ni nyayoni kidogo tu, joto lake analitoa kwa kuhema, kwa hivo ulimi uko nje kutwa nzima. Nilianza kuwaangalia. Asubuhi Kashata, ule mdogo wa kike wa rangi ya kashata kweli kweli, alikuwa analala chini ya mwarobaini, ikifika saa tano anahamia kwenye saruji iliyolowa chini ya tenki, saa tisa yuko ule upande wa nyuma ambapo mdogo wangu alikuwa amechimba shimo la takataka na hakulimaliza. Siku moja nikachukua mkeka nikamfuata. Kila alipolala nami nkatandika. Nakuambia ndo sehemu zenye baridi katika ule uwanja zote, moja baada ya nyingine, na nimekaa pale miaka yote sijui! Kutoka hapo mboga nachambulia chini ya mwarobaini na nguo nashonea nyuma.

Maembe yalikuwa yanaishia, zimebaki ngowe chache za kuokota, na Bosco alikuwa anakula embe, anabana kokwa kwa miguu ya mbele anafyonza mpaka inabaki nyuzi. Mwanangu anakaa naye hapo kila mmoja na lake. Hicho kitu kama nisingefungiwa nyumbani nisingekiona.

Halafu masika yakaingia. Kwetu maji ya mfereji ni ya bahati, tunanunua mitungi ya mkokoteni, kwa hivo mvua ya kwanza kubwa ni kama sikukuu, kila ndoo, kila sufuria, kila karai inatoka nje, tunatega kwenye mabati. Mwanangu anaruka uchi kwenye maji ya paa, Kashata anamzunguka anabweka, Bosco yuko mlangoni kichwa ndani makalio nje anafikiria. Mvua bila radi alikuwa anaivumilia.

Ramadhani ilianza mwisho wa mwezi wa nne mwaka huo, kwa hivo iliangukia katikati ya masika. Sisi ni Wakristo, lakini jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni bibi mmoja wa Kimvita, mtu mzima sana, anaishi na mjukuu wake wa kike, na mwezi wa Ramadhani hata kama umasikini umewapiga nyote haiwezi kupita siku asigonge ukuta, "Mwanangu, pokea", akupe kibakuli cha kaimati au muhogo wa nazi. Mimi nampa nilichonacho, ndimu, majani ya mchaichai, na siku nikipata dagaa wa mbwa kwa bei nzuri nampa na wa paka wake. Hakuwa anawachukia mbwa lakini alikuwa anakaa nao mbali, manake mbwa akikugusa na maji, mate yake ama manyoya yaliyolowa, ni najisi, pale palipoguswa paoshwe mara saba na mara moja iwe na mchanga. Bosco na Kashata nao walikuwa wanalijua geti lake. Wanapita wakiangalia pembeni.

Sasa hiyo siku. Ilikuwa wiki ya pili ya mfungo hivi. Toka adhuhuri mbingu ilikuwa nzito, kimya, mpaka kunguru wametulia, na kafyu ya korona, hakuna kutoka nje, ilikuwa saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, na mtaani kwetu hakukuwa na mchezo, landrova ya polisi ikipita mnazima hata taa. Magharibi iliadhiniwa saa kumi na mbili na robo hivi, nikasikia mjukuu wa jirani anacheka, nikajua wanafuturu, na mara hiyo hiyo mvua ikashuka. Sio ile ya kutegea ndoo. Hii ilikuwa mvua ya kumwaga, njia yetu ikawa mto, maji yanapita na viatu vya watu, na stima ikapotea kama kawaida. Halafu radi ikapiga, ile ya karibu, mwanga na mshindo pamoja.

Tulikuwa jikoni nje tunaokoa makaa. Niligeuka kumtafuta Bosco nimtie ndani, hayuko. Chini ya kitanda hayuko, chini ya meza hayuko. Mdogo wangu akamulika geti, tukaona maji yamechota mchanga wote chini yake, pamebaki uwazi wa kupita mbwa. Kapita.

Saa hizo ni saa moja na dakika zimezidi. Mwanangu analia, mimi nimeshavaa koti la mvua la mdogo wangu, mkono uko kwenye komeo, naye amenishika bega ananiambia dada usitoke, dada ukishikwa nani atakuja kukutoa, na pesa ya faini tunatoa wapi. Tukasikia gari kwa mbali. Nikarudi. Nilisimama uani naita Bosco, Bosco, na mvua juu ya mabati inaimeza sauti yangu hata mimi mwenyewe siisikii vizuri, na nilikuwa nafikiria barabara kubwa, nafikiria mtaro wa maji pale chini ambao ukijaa hata mtu mzima unambeba.

Hakuna aliyelala, ni mwanangu tu alichoka akalala na machozi. Na Kashata. Kashata alikataa kuingia. Alikaa verandani chini ya bati usiku kucha, hakulia, hakubweka, amekaa tu wima na pua yake imeelekea ukuta wa jirani. Nikamwekea gunia kavu hakulilalia. Nilidhani ni huzuni. Nikakaa naye, nimejifunga leso mbili, nikamkumbatia, ana harufu ya mbwa aliyelowa na mimi sikujali, na kila nikimvutia ndani anarudi pale pale, pua pale pale.

Mvua ilikatika kama saa tisa. Alfajiri ikaadhiniwa, na ilipotimia saa kumi na moja na dakika kidogo nikatoka. Njia yote ni tope na majani. Nikasikia kwa jirani sauti ya maji yanamwagwa kwenye saruji, na sauti ya mtu anahesabu.

"Nne."

Pwaa.

"Tano."

Nikachungulia. Bibi amejifunga leso kiunoni, ameinama anasugua baraza yake kwa kifagio cha makuti, na pembeni kuna kisonzo cha mchanga. Na pale chini kabisa ya ngazi, juu ya gunia kavu, Bosco. Amelala. Anakoroma kabisa.

Nilishindwa hata kuamkia. Nikakaa chini kwenye lile tope. Bibi akaniona akasimama akashika mgongo, akaniambia, "Mwanangu, weye walia nini? Mbwa wako mzima. Nimekwita usiku kucha, mvua haikusikiza mtu."

Akanihadithia, anasugua huku anahadithia. Walikuwa wametoka kufuturu, wakasikia kitu kinakwaruza, kufungua mlango, Bosco kaingia chini ya benchi la baraza, kalowa chepe chepe, yuwatetema. Mjukuu akapiga kelele. Bibi akataka kumfukuza, kweli, hakunificha, alishainua ufagio. "Akanitazama. Basi akanitazama tu na yale mato yake. Nkasema huyu ntamfukuzia wapi na ile mvua, na mimi nimetoka kufungua saumu yangu saa hii hii." Akamwachia baraza. Akamtupia gunia, usiku wa daku akamwekea maji kwenye kifuu cha nazi na kichwa cha changu. Akaniuliza kama nimewahi kusikia habari ya yule mtu aliyemkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha, na Mungu akamsamehe madhambi yake. Nikamwambia sijaisikia. "Basi wewe isikie leo," akasema, halafu akarudi kwenye kazi yake, "tulikuwa ngapi? Tano."

Nikamwomba anipe kile kifagio. Hakukataa. Ya sita na ya saba nilisugua mimi, yeye amekaa kwenye ngazi ananimwagia maji na ndoo, maji ya mvua ile ile.

Sasa tuko hapo, jua halijatoka, nimeinama, nikahisi kitu mgongoni. Baridi. Upepo, lakini sio ule wa siku zote, ulitoka upande mwingine, na mwarobaini wangu nyuma ya ukuta ukageuza majani yote kwa mara moja. Bibi akafumba macho kama mtu anayeonja kitu. "Kusi hilo," akasema. "Lishaingia." Akaanza kulalamika samaki sasa watapanda bei, manake kusi likikaza bahari inachafuka na vidau haviendi mbali, lakini uso wake ulikuwa umefurahi, kila mtu Mombasa hufurahi kusi likiingia hata wavuvi wakiwa na majonzi yao.

Bosco aliinua kichwa akanusa huo upepo muda mrefu. Halafu akainuka, akajikung'uta, akaniona, na jinsi alivyokuja, mkia unapiga mwili wote, nilipata akili ya kumkimbiza nje ya geti haraka kabla hajatulowesha tukaanza kuhesabu upya.

Ile siku ndo naikumbuka kuliko zote za mwaka ule. Hatukufanya kitu. Tulimwogesha Bosco kwa maji ya mvua na sabuni ya mche, mwanangu akakaa kumtoa kupe, wakati wa mvua wanakuwa wengi, anawatia kwenye kopo la mafuta taa anahesabu kwa sauti kama Bibi. Nikapika chai ya tangawizi na mahamri, mbaazi zilikuwa za jana. Tukafungua madirisha ya upande wa bahari ambayo kaskazi yote hayakuwa na faida, pazia likajaa upepo. Na Kashata, aliyekesha, alilala katikati ya mlango ikabidi sote tumruke. Nilimruka nikiwa na sufuria, nikiwa na nguo, nikiwa na chai, na kila nikimruka namwambia pole mama, ulituambia hatukusikia.

Mwezi ule ulioendelea, kila jioni adhana ikianza Bosco alikuwa anatoka anakwenda kukaa nje ya geti la Bibi. Nje, hakuvuka hata mara moja. Anakaa kwenye mchanga pembeni ya nguzo mpaka mtu atoke, na kwenye nguzo hiyo Bibi alikuwa ameweka kile kifuu, hakukitupa, amekifanya chake. Siku ya Idi mjukuu alikuja na mfupa wa pilau kwenye karatasi, akauweka chini kwa mbali halafu akakimbia anacheka, na Bosco hakuugusa mpaka yule mtoto alipofunga mlango. Kisha akaubeba, akaja nao njia yote mpaka kwetu, akauweka mbele ya Kashata.