Kura moja, wateuzi wengi: tulivyojipanga kwenye Hive

Nilipokubali kusimamia akaunti ya kikundi chetu cha uteuzi (tunasoma makala na kuzipigia kura zilizo nzuri) kwenye Hive, mtandao wa blokucheni ambako kura huwaletea waandishi malipo, wenzangu walitaka kujua kwanza nani atapewa ufunguo, yaani nywila ya akaunti. Nikawajibu: hakuna.

Hive, iliyojitenga na Steem Machi 2020, huipa kila akaunti funguo za ngazi tofauti. Ufunguo wa kuchapisha hupiga kura, huandika makala na kujibu maoni, ila hauhamishi fedha. Ndiyo maana vikundi vingi huutumiana kwenye ujumbe wa faragha bila wasiwasi. Mimi wasiwasi ninao. Anayeushika anaweza kuandika upuuzi kwa jina la kikundi, usijue ni nani, na kila mtu akijitoa itabidi ubadilishwe na kusambazwa upya.

Blokucheni yenyewe, yaani daftari la pamoja la kidijitali linaloendesha Hive, ina njia safi zaidi. Akaunti moja inaweza kuiruhusu nyingine isaini kwa niaba yake. Ruhusa hutolewa kwa ufunguo wa ngazi ya juu, kisha aliyeruhusiwa anatumia ufunguo wake mwenyewe; siku akiondoka unafuta jina lake, basi. Unaweza hata kudai saini za watu wawili. Hiyo tuliijadili tukaiacha, kwa sababu muamala ambao haujakamilika una muda wake wa kuisha, na kuwasubirisha watu wawili ili kura moja ipigwe ni adha. Kwa hazina ya kikundi, sawa kabisa.

Tatizo ni kwamba ruhusa ya kuchapisha haigawanyiki: ukimruhusu mtu apige kura, umemruhusu na kuandika. Kwa hiyo tuliipa akaunti moja tu, ya boti, yaani programu inayotupigia kura. Mteuzi anabandika kiungo cha makala kwenye chaneli yetu ya Discord, anataja uzito wa kura (asilimia ya kura kamili) anaopendekeza na kueleza kwa sentensi mbili kwa nini. Boti, ambayo niliiandika kwa Python nikitumia maktaba ya beem, inaangalia kama mteuzi yumo kwenye orodha, kama makala bado iko ndani ya siku 7 ambazo kura huiletea malipo, kama mwandishi huyo hajapewa kura yetu karibuni, na kama nguvu ya kura, yaani akiba inayopungua kila tunapopiga kura, inatosha. Mengine yote ni ya binadamu. Zile sentensi mbili zilipingwa sana mwanzoni, eti zinachelewesha kazi. Nilizing'ang'ania. Mtu ambaye hajasoma makala hawezi kuziandika, na anayejaribu kubahatisha hujulikana mara moja.

Kisha kuna bajeti, na ugomvi wote unaanzia hapa. Kura ya asilimia 100 hula takribani asilimia 2 ya nguvu ya kura, na nguvu hiyo hurudi kwa asilimia 20 kwa siku. Kikundi kina kura kamili kumi hivi kwa siku, wawe wateuzi watatu au thelathini. Tulimpa kila mmoja mgao wake, na mgao ambao haujaguswa unaingia kwenye fungu la wote, kwa kuwa nguvu ikishajaa haiongezeki tena. Boti husimama nguvu ikishuka chini ya asilimia 80, hata kama anayeomba ni mimi.

Haraka hatuna. Zamani aliyepiga kura mapema alivuna zaidi, hivyo roboti zikawa zinashindana kwa sekunde. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, kura zote za saa 24 za kwanza zinahesabiwa sawa katika mgao wa wateuzi, na mtu anaweza kusoma makala ndefu mpaka mwisho asipoteze kitu.

Wapo wanaotufuata kupitia Hive.vote, akaunti zao zikiiga kura yetu zenyewe. Nawashukuru, ingawa kufuata kwa upofu sikupendi. Msafara wa wafuasi hao ukiwa mrefu, kura yetu ndogo huja na nyingine nyingi nyuma yake, kwa hiyo tulipunguza uzito wa kawaida ili mwandishi mmoja asizoe malipo ya kupindukia huku mwenzake mzuri akiambulia patupu. Wizi wa maandishi boti yetu haiukamati. Tunatafuta aya moja moja kwenye intaneti, tunakagua picha zimetoka wapi, na mwenye shaka huomba mwenzake aangalie.

Malipo yalikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Nusu ya malipo ya makala huenda kwa waliopiga kura, na fungu letu hugawiwa waliotukopesha nguvu ya akaunti zao (hisa zinazoipa kura yetu thamani, si ile akiba ya asilimia) kwa uwiano wa walichokopesha. Wateuzi hulipwa kupitia makala yetu ya wiki, ambayo huorodhesha kazi zilizochaguliwa: tunawaweka kama wanufaika kabla ya kuichapisha, na blokucheni inawagawia yenyewe. Nguvu iliyokopeshwa ikidaiwa, huondoka kwetu papo hapo ingawa mwenyewe huipata baada ya siku 5, kwa hiyo boti husoma upya orodha ya wakopeshaji kila siku kabla ya kupanga mgao.